Karatasi ya Tata Mbuyi: nilivyogeuza orodha ya nyimbo na vitabu kuwa ujumbe wa siri

Wakuu, habari za wikendi.

Humu kila Ijumaa kuna mkuu anaweka list yake: wimbo wa kusikiliza, podcast, kitabu, na kitu kimoja cha ajabu. Naisoma kila wiki, ila sijawahi kuandika hata "asante".

Leo nasema kwa nini. Sitapunguza kitu, hata pale ninapojiumbua.

Mimi ni mtu wa Kolwezi. Nitaandika Kiswahili cha kueleweka na wote, ila watu wa kwetu nitawaacha waseme walivyosema.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani kwenye ghala la vipuri mgodini. Mkubwa wangu wa kazi aliitwa Tata Mbuyi (kwetu "tata" ni baba), na nyumbani alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Baba yake aliletwa kutoka Kasai, mkoa mwingine wa mbali, kuchimba shaba. Yeye alizaliwa palepale Kolwezi, na Kasai alikuwa hajafika hata siku moja.

Kila Jumamosi asubuhi alibandika karatasi kwenye geti lake. Juu yake: ZA JUMA HII.

Kaseti moja ya kusikiliza. Kipindi kimoja cha redio, na saa yake. Kitabu kimoja. Halafu kitu cha kwenda kuona, kama ndege aliyejenga kiota ndani ya taa ya barabarani. Ukitaka kaseti au kitabu, unapiga hodi, mke wake anakuletea. Mama Mbuyi hakukuacha uondoke hujala. Mimi nimekula pale mara ngapi, sijui.

Kisha mgodi ukaanza kufa. Mishahara ikasimama, mashine zikasimama. Kwenye mikutano tukaambiwa kazi zetu zimeliwa na wageni, watu wa Kasai, na warudi kwao.

Wakuu, mtu asiwadanganye kwamba chuki huanza na kelele. Kwangu ilianza kimyakimya, kwa kuangalia. Nilianza kuangalia nani anaingia kwa Tata Mbuyi, anakaa muda gani, anatoka na nini.

Jumamosi moja karatasi ilisema hivi: redio, saa kumi na mbili na robo, masafa ya mita 31. Kaseti ya kwaya, upande wa pili, wimbo wa tatu. Kitabu cha safari ya mtoni, sura ya nne. Cha kuona: kichuguu ndani ya behewa bovu nyuma ya ghala, kina milango miwili.

Nilikuwa nimesimama pale na Kapend, niliyesoma naye, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa vijana wa mtaa.

"Unaona zile namba?" akaniuliza. "Saa, mita, mulango mbili. Ile ni code, ndugu. Banaambiana kitu."

Ningeweza kucheka. Ile kwaya niliijua, na kichuguu nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Lakini nikasema, "Ngoja nitaangalia."

Nikapiga hodi, nikaomba kitabu. Tata Mbuyi mwenyewe alinipa, akatabasamu. "Usome polepole. Utaniambia kama ni kizuri."

Sura ya nne ilikuwa na maneno matatu yaliyopigwa mstari kwa penseli. Ni Kifaransa, nawapa maana yake: mahali pa kuvuka mto kwa miguu, kambi ya njiani, chumba cha mizigo melini.

Kuvuka. Kambi. Mizigo. Mwili ulinisisimka. Na niseme ukweli wangu hapa: haikuwa hofu. Nilijiona mwerevu.

Nikampelekea Kapend kitabu.

Kesho yake, watu walipotoka misa, vijana kama thelathini walijaa mbele ya lile geti. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Kapend alikifungua kitabu.

"Tata, hii mistari ni ya nini?"

Tata Mbuyi alivaa miwani, akasoma, akaona aibu. Ndiyo, aibu, kama mwanafunzi.

"Ni maneno yenye sikujua, mutoto wangu. Ninapigaka mustari, kisha ninatafuta mu diksyonere."

Mtu akapiga kelele kwamba ni uongo, "Mukubwa muzima wa ghala hajue Kifaransa? Anabongopa!"

Kabla ya saa sita mchana Tata Mbuyi, mke wake na watoto walikuwa nje, na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Mabati yaling'olewa wakiwa bado wanaangalia. Mnaweza kuniambia wangefukuzwa tu, maana baadaye mtaa mzima wa watu wa Kasai ulifukuzwa. Ni kweli. Lakini wao walikuwa wa kwanza. Na kile kitabu alikuwa amenipa mimi tu, kwa hiyo alijua kimetoka kwa nani. Tata Mbuyi alivua miwani, akanitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akanipata.

Familia zilizofukuzwa zilikaa stesheni wiki nyingi zikingoja treni, chini ya turubai na magunia. Maji yalikuwa shida, watoto walianza kuhara.

Siku ya tisa nilibeba bidoni ya lita ishirini mpaka pale. Tata Mbuyi alikuwa amelala, ana homa. Mama Mbuyi alikuwa ameketi kando yake na watoto watatu. Nikaweka maji mbele yake.

"Mama, nimeleta maji."

Akaniangalia kwa muda mrefu. "Kunywa weye kwanza."

Nikamimina kwenye kikombe, nikanywa chote. Akaendelea kuniangalia usoni, kisha mikononi. Watoto wakasogea, akawazuia kwa mkono.

Kisha akanywa yeye. Funda moja tu. Akaweka kikombe chini, akaketi akisubiri aone maji yatamfanya nini, na watoto wanasubiri pamoja naye, midomo imekauka.

"Sasa enda," akaniambia.

Nikaenda. Kama watoto walikunywa, sijui. Treni iliondoka wiki chache baadaye, na sikupata habari zao tena.

Nilichojifunza, wakuu: ukishaamua kumshuku mtu, hata usichokielewa unakihesabu kuwa ushahidi, na unajipongeza kwa akili. Mimi ningeweza kumuuliza Tata Mbuyi swali moja tu, ukuta kwa ukuta.

Kama wewe au wazazi wako mlikuwa stesheni ile, andika hapa chini. Na kama una neno kali kwangu, liandike pia. Nitasoma yote.