Mikanda Chini ya Sponji

Kaka yangu ni fundi wa viti vya magari, na mtaa mzima unamwita Bwana Uzi, maana hatoki nyumbani bila kipande cha uzi kimemganda kwenye shati. Ana ubahili wa ajabu: hatupi kifungo, hakati kitu kizima. Mkewe husema siku akifa atazikwa na mabaki ya sponji. Zamani nilikuwa nacheka.

Mwaka juzi shule ya binti yangu ilimpelekea basi ashone viti upya. Mwalimu mkuu akamwagiza aondoe na mikanda ya usalama. Watoto wanapigana kwa vile vyuma vyake, alisema, wanakaa watatu kwenye kiti cha wawili, na matroni mmoja hawezi kufunga watoto sitini kila asubuhi. Tena basi likishika moto, nani atawafungua? Nikamuuliza kaka kama ni sawa.

"Mdogo wangu, kiti cha basi la shule si kama cha gari dogo," akaniambia. "Mgongo mrefu, sponji nene, halafu vimekaribiana. Dereva akifunga breki ghafla, mtoto anapokelewa na kiti cha mbele yake. Na pale anapokaa mpwa wangu nimezidisha sponji mara mbili."

Nikaridhika. Na kusema kweli hakunidanganya. Basi lingegonga kitu kwa mbele, sponji ile ingemfaa. Lakini halikugonga kitu. Lilipinduka kwenye kona, likabiringika, na mwanangu akatupwa nje kupitia dirishani. Alikuwa na miaka saba.

Miezi minne baadaye shule ikamrudishia kaka viti vilivyopona, avishone kwa ajili ya basi jingine. Mchana ule ule akaniita karakana. Juu ya meza kilikuwepo kiti cha safu ya tatu, cha dirishani, kimefumuliwa. Chini ya sponji mkanda ulikuwa umekunjwa vizuri, hauna hata doa.

"Sikuukata," akasema, hanitazami. "Ulikuwa mzima. Nikaona niufukie humo, huenda siku moja ukahitajika."

Mwanangu alikuwa ameukalia karibu mwaka mzima, asubuhi na jioni.

Nilitaka kumpiga. Badala yake nikakaa kwenye kile kiti, nikauvuta mkanda, nikaufunga. Ukalia ka, ukashika. Kaka akainamia cherehani yake, akalia kwa sauti, na mimi sikunyanyuka kumbembeleza.

Siku hizi anafumua kila kiti cha basi kinachopita mikononi mwake, mwenye gari atake asitake, na kazi imempungua. Nina kaka mmoja tu. Namsalimia, nampelekea chakula cha mchana, tunazungumza habari za mvua na za watoto wake. Ila kwake sikai. Nikikaribishwa kiti popote, mkono wangu hutangulia kupapasa chini ya kitambaa.