Tumbo Dogo Nililolificha

Siku ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, ni ile niliyoshindwa kupanda gari la moshi la kwenda Sakania. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, muuzaji wa vikwembe, yaani vitenge, na nilizoea kwenda huko mpakani kuchukua vitambaa kwa wanawake wa Zambia. Ngazi ya behewa ilikuwa juu kidogo. Wanaume wawili walinivuta mikono, wa tatu akanisukuma kwa nyuma. Watu walicheka nami nikacheka nao, maana mtu mnene hujifunza mapema kucheka kabla ya wengine. Kisha goti likateguka. Treni ikaondoka, nami nimeketi chini pale stesheni kama gunia lililosahauliwa.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Kamalondo, na wazee wetu walitoka Kasongo, Maniema. Nisikudanganye, unene wangu niliupenda. Ilikuwa miaka ya Zaire, shaba ikitulisha wote. Mume wangu Amisi alikuwa fundi wa mitambo mgodini, na nilipopita barabarani watu walisema, "Amisi anatunza bibi yake." Mwili wangu ulikuwa sifa ya nyumba yetu. Hawakujua kwamba nililala nimeketi kwa kukosa pumzi, wala kwamba miguu ilivimba na sukari ilikuwa imepanda katika damu.

Hospitalini nilipelekwa kwa ajili ya goti, lakini daktari alinitazama mwili wote. Alikuwa mpasuaji, Mbelgiji mrefu mwenye sauti ya chini. Mwaka mzima alinipunguzia chakula. Nikapungua kidogo, nikarudi maradufu. Sikuwa mlafi kama wengi wanavyowadhania wanene. Kuna miili inayoshika chakula kama udongo wa mfinyanzi unavyoshika maji. Asubuhi moja akachukua karatasi, akachora tumbo mfano wa kibuyu, akapiga mstari karibu na shingo yake. Alisema atalishona hapo, kibaki kifuko kidogo kama ngumi ya mtoto mchanga, na chakula kipite polepole kwenye kitundu chembamba.

Aliyenitafsiria ni Tata Kalonji, muuguzi mzee kutoka Kasai aliyemaliza ujana wake katika wodi zile.

"Mama," akaniambia, "munganga anasema, ile kazi inaweza kukusaidia, na inaweza kukuua. Anataka uitike na masikio yote mbili."

"Na nikikataa?"

Akamuuliza daktari, akanigeukia. "Anasema moyo yako iko inachoka. Hajue utafika miaka ngapi."

Binti yangu Asha alikuwa na miaka sita. Nikaitika.

Nyumbani Amisi akasema, "Zaituni, nitakusindikiza. Lakini mama yangu asijue. Bantu batasema sikukulishe muzuri, njo maana unakatwa tumbo." Nami niliona aibu kumpita yeye, maana ningelazimika kukiri kwamba kile walichokisifu ndicho kilichokuwa kikiniua. Tukapatana kusema nina uvimbe. Mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo tuliijua sote wawili tangu utotoni. Kuijua methali ni kitu kimoja, mwanangu, na kuitii ni kingine.

Siku ya upasuaji nakumbuka baridi ya kitanda cha chuma, na harufu tamu mbaya ya dawa ya usingizi. Nilipozinduka nilikuwa na mpira puani na kiu ambayo sijapata kuijua tena. Tata Kalonji alinilowesha midomo kwa pamba. Kesho yake akanipa maji kijiko kimoja, akangoja, akanipa cha pili. Nilipotaka cha nne akaondoa kikombe. "Tatu," akasema. "Kisha unapumuzika." Jambo la ajabu ni kwamba njaa ilikuwa imeondoka. Niliitafuta ndani yangu kama mtu anayetafuta mgeni aliyeaga bila kusikika, na nikamlilia kidogo, maana tulikuwa tumeishi pamoja maisha yote.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama mkwe wangu, Mama Riziki, ametoka Kasenga na mzigo wa samaki wakavu. Alinipenda kweli. Kila mchana alinisongea bukari, ugali wetu wa huku, na sombe, yaani kisamvu, iliyokolea mawese, akanisimamia: "Kula, binti yangu, urudishe mwili." Alipogeuka nilimwaga sahani kwa kuku nyuma ya jiko, na kuku wakanenepa kwa niaba yangu. Kitu pekee kilichopita vizuri ni uji wa Mama Ngalula, mjane kutoka Kasai aliyeuza uji na maandazi kwenye kona yetu. Kila asubuhi aliniletea kikombe bila kuombwa.

Nikaanza kupungua. Vikwembe vilizunguka kiuno mara mbili, mashavu yakaanguka. Siku moja Mama Riziki akaketi mbele yangu na macho mekundu.

"Chakula yangu unakataa. Ya ule mama unakunywa, na unakauka. Zaituni, alikufunga tumbo."

Ni kweli tumbo langu lilikuwa limefungwa, na aliyelifunga nilimjua, na karatasi aliyoichora ilikuwa chini ya godoro langu. Sentensi moja tu ingetosha. Nilimtazama Amisi, naye akatazama viatu vyake. Nikanyamaza.

Neno la uchawi likatoka uani, likaenda mtaani. Lisemwalo lipo, wakasema watu, na hapo ndipo nilipojua kwamba methali nayo ikishikwa vibaya hukata. Wateja wakaanza kuipita sufuria ya Ngalula. Mtu mmoja akaumwaga uji wake mchangani. Jumamosi ya salongo, raia wote walipotoka kufagia barabara kwa amri ya serikali, wanawake walimwachia upande mzima afagie peke yake. Nilimtazama kutoka dirishani. Aliinama, akafagia hadi mwisho, wala hakutazama nyumba yetu.

Ungedhani sasa nilisema. Hapana. Nilitafuta njia ya kumwokoa bila kujifunua. Sikukuu ya Idi, jamaa walipokusanyika, nilijisogeza kwenye sinia, nikakata tonge la bukari kubwa kama la zamani. Nilijiambia wakiniona ninakula, maneno yatakufa. Nilimeza la kwanza, la pili, la tano, na nyama ya mbuzi juu yake. Mama Riziki akapiga kigelegele. Hakikuisha kigelegele, nikahisi kama nguo inayochanika kifuani, nikatapika damu mbele ya wageni.

Mshono ulikuwa umeachia. Daktari alinipasua mara ya pili, na safari hii niliponea chupuchupu. Fahamu ziliporudi, Tata Kalonji alivuta kiti akaketi, jambo ambalo wauguzi hawakuwa na muda nalo.

"Nilikuambia vijiko tatu. Sababu gani ulikula bukari?"

Nikamwambia yote: uvimbe wa uongo, kuku, Mama Ngalula. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua bandeji mkononi.

"Miye niko muntu wa Kasai," akasema mwishowe, bila kupandisha sauti. "Nilisha kuona nyumba za bantu betu zinachomwa juu ya maneno tu. Weye, munganga atakuponya, hata mara ya pili. Ule mama, nani atamuponya?"

Akainuka akaenda kwa wagonjwa wengine. Mwanangu, nimekemewa na baba yangu, nimekemewa na masheikh, lakini hakuna aliyenifikia mfupani kama mzee yule.

Mama Riziki alipokuja kunitazama nilifunua shuka, nikamwonyesha makovu, nikamweleza la kifuko na la kitundu chembamba. Alivuta shuka akanifunika tena.

"Kwa nini haukuniambia?" akauliza. "Ningekupikia uji." Kisha akajifunika uso kwa kikwembe. "Na miye nilimuita ule mama mulozi."

Nilipoweza kutembea tulikwenda watatu, Amisi, mama yake na mimi. Mama Ngalula alikuwa akisugua sufuria. Nilisema nilichokuwa nacho, mama mkwe akapiga magoti. Ngalula hakuacha kusugua.

"Nimewasamehe," akasema. "Lakini bale bantu balikuwa banakunywa uji yangu, beko wapi hapa basikie?"

Kesho yake asubuhi nilibeba kigoda, nikaenda kuketi kando ya moto wake, mahali ambapo mtaa mzima hupita, nikaomba kikombe. Kwangu kikombe kimoja kilikuwa kazi ya saa nzima: kijiko, kungoja, kijiko. Basi walipita wote wakaniona, mke wa Amisi anakula mkononi mwa yule waliyemwita mchawi. Kila aliyesimama nilimwambia, "Daktari alinipunguza tumbo. Niliona aibu, nikaficha. Huyu mama hana kosa." Siku za kwanza maneno yalinikwama kuliko chakula. Wengine walicheka, wakaliita tumbo langu tumbo la mtoto. Wengine waliuliza kama Amisi alishindwa kunilisha, naye siku moja, akitoka kazini na nguo za mafuta, aliwajibu mwenyewe: "Bibi yangu alikuwa mugonjwa. Nilikubali bamukate, na nilifanya mubaya kuficha." Kisha akanunua kikombe chake, akanywa amesimama. Wenzake wa zamu wakanunua.

Wiki ikapita, nyingine ikapita. Mama Riziki akaja na kikombe chake kutoka nyumbani. Hawakurudi wote, kuna jirani mmoja aliyevuka barabara hadi siku alipohama. Lakini asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu, na Mama Ngalula akanitazama huku amekamata upawa.

"Mama Asha," akasema, "ondoka basi. Uko unakalia nafasi ya wateja."

Nililia njia nzima hadi nyumbani, na haikuwa huzuni.

Mwili ulipungua kweli, sukari ikatulia, nikamwona Asha akiolewa. Lakini usidhani kisu kilifanya yote. Nywele zilinitoka, nguvu ziliniacha miezi mingi, na hadi leo nakula kama ndege na kutafuna kama mzee asiye na meno, na ndivyo nilivyotafuna hata nilipokuwa nayo bado.

Basi sikia, mwanangu. Ukiugua, mwambie anayekupikia. Aibu ya kusema hupita kama homa ya siku moja. Aibu ya kunyamaza hutafuta mtu mwingine wa kumwangukia, na mara nyingi humwangukia asiye na wa kumtetea. Usimsifu mtu kwa unene wala usimsute kwa wembamba, maana hujui analalaje. Ukipewa tiba, shika masharti yake hata mbele ya wageni, hata mbele ya sinia la Idi. Na ukimkosea mtu hadharani, usimwombe radhi uani. Nenda pale pale watu walipomvunjia heshima, ukae hapo hadi wamwone upya.

Mungu akupe kinywa kisichoogopa ukweli wa mwili wako. Akujalie jirani wa kukuletea uji bila kuombwa, na jirani huyo akikuletea, Mungu akupe moyo wa kumlinda. Nenda salama, mwanangu.