Kalenda ya Mama Isiyojua Mwezi

Wanawake wa pwani wana kanga zao za kusemea. Mama yangu, mwanamke wa Kilema huku mlimani, kanga alizifanya ngata za kubebea majani ya ng'ombe. Yeye alisema kwa kalenda.

Kalenda yenyewe alipewa na mtawa wa Kiholanzi aliyekuwa anarudi kwao. Mama alimfulia vitambaa vya altare miaka mingi, na siku ya kuagana akapewa hiyo kama zawadi. Kila mwezi ulikuwa na picha iliyochorwa Uholanzi enzi za kale. Sisi watoto tulitegemea kuona watakatifu. Wapi! Mwanamke anamenya matunda. Mwanamke anamtafuta mwanawe chawa. Mwanamke mwenye mikono minene kama ya shangazi yangu anamimina maziwa kutoka kwenye jagi. Nyumba iko shaghalabaghala, mwenye nyumba kasinzia na mbwa yuko mezani anajilia nyama. Wanaume wamelewa kilabuni, mmoja yuko chini ya benchi na hana habari.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Aliuliza hao Wazungu walikosa kitu gani cha kuchora hadi wamchore mtu anamenya. Mama hakucheka. Alimsogelea yule wa maziwa, akamtazama kitambo, akasema huyu anajua kazi. Halafu akaongeza kwamba hata hivyo hajachuja.

Kusema huko kulianza siku mimi na mdogo wangu tulipoacha vyombo vichafu tukaenda kuruka kamba. Tuliporudi, kalenda ilikuwa imefunuliwa pale kwenye nyumba ya shaghalabaghala, ingawa mwezi wake ulikuwa bado mbali. Mama alikuwa anachambua maharage. Tuliosha vyombo, tukafagia, tukafagia na pasipohitaji kufagiwa. Siku nyingine baba alirudi kutoka kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, akiimba nyimbo za jeshi ambalo hakuwahi kulitumikia. Asubuhi walevi wa Uholanzi walikuwa ukutani. Baba alikunywa uji wake akiwa amewapa mgongo. Na picha ya chawa ikifunuliwa, mdogo wangu alikuwa anakwenda mwenyewe kuleta kitana.

Basi kalenda yetu ilijua mambo yote isipokuwa mwezi. Jirani mmoja alikuja kuangalia tarehe ya kipaimara, akateremka kanisani na viatu vipya vya kubana, akamkuta mlinzi na mbuzi wake. Alirudi akifoka. Mama alimpa pole na ndizi, lakini ukurasa hakuugeuza, maana zamu ya baba ilikuwa haijaisha.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asiseme tu. Bibi, mama yake baba, aliishi nasi kwenye kihamba kile kile, shamba la migomba la ukoo, na mke anayemjibu mumewe angesikika mpaka ng'ambo ya migomba. Lakini mama hakunitajia bibi. Alisema, "Neno likitoka halirudi. Ukurasa unarudi."

Ukaja wakati wa ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na wanaume waliokuwa wakipogoa mibuni wakaanza kuzungumzia Holili kule mpakani, sabuni, mafuta ya kula na mitumba. Baba naye homa ikampanda. Mtaji hakuwa nao. Alikuwa na ng'ombe, au ndivyo alivyodhani. Ng'ombe yule babu mzaa mama alimleta akiwa mtamba, nilipozaliwa mimi. Mama ndiye aliyemkatia majani, akamkamua, akauza maziwa, na sare zetu za shule zikatoka huko. Ila kwa desturi yetu kilichosimama kwenye kihamba cha mwanamume kilihesabiwa kuwa chake. Jioni moja baba akatangaza kwamba Jumamosi atakuja mnunuzi kutoka Njoro. Mama akaendelea kupakua.

Asubuhi yake, maziwa ukutani. Baba akapita, akaona, akarudi, akafunua walevi. Wee! Hakuwahi kuigusa kalenda ile. Tulimwelewa vizuri sana: haya, mlevi wenu ni mimi, na mwenye nyumba ni mimi. Mchana mama akarudisha maziwa. Jioni baba akarudisha walevi. Kurasa zikaanza kulegea kwenye waya wake. Bibi, ambaye macho yalikuwa yamechoka, akawa anatuita pale mekoni na kutuuliza kwa sauti ya chini nani anaongoza.

Ijumaa tuliporudi kutoka shule, ukuta ulikuwa mtupu. Mama alikuwa ameishusha kalenda na kuiweka juu ya kabati, picha zikiangalia chini. Hapo niliogopa kweli. Niliona ameshindwa, na kwamba kesho ng'ombe anakwenda. Nilikwenda bandani nikamshika yule ng'ombe shingo, nikalia.

Jioni mama alipakua mtori, akakaa. Baba alichota kijiko kimoja, akatazama ukuta, akatuuliza kalenda iko wapi. Tukainamia mtori wetu. Akatazama ukuta tena. Mwisho akamgeukia mama.

"Sasa unasemaje?"

"Ng'ombe hauzwi," mama akasema. Hakupaza sauti. "Nimembebea majani kwa shingo hii. Hauzwi."

Bibi akaacha kuchochea moto. Nilikuwa binti mkubwa tayari, na sikuwahi kumsikia mama akimkatalia baba kitu kwa mdomo wake. Nilimwonea fahari na nilimwogopea, vyote kwa pamoja. Baba alimaliza mtori wake polepole, akaenda kulala.

Mnunuzi alifika asubuhi na kamba begani. Alimwamkia bibi shikamoo, akamzunguka ng'ombe, akamsifia kiwele. Mimi nilijifanya nafagia uwanja. Baba alikuwa na visingizio tele vya kuchagua: ng'ombe hajisikii vizuri, bei hairidhishi, ndama bado ananyonya. Mwanamume wa kwetu angechukua chochote kati ya hivyo, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mama watoto amekataa," baba akasema.

Mnunuzi alingoja kicheko, hakikuja. Alimtazama baba, akamtazama bibi. Kisha akamgeukia mama, akavua kofia, akamuuliza kama na ndama naye hauzwi. Mama akafuta mikono, akavuta kigoda, akaketi.