Siku niliyopatana bei ya kufukuza mawingu ya Ncha ya Kusini, nikiwa Geita

Wakuu, salaam kwenu. Anayetafuta chai, yaani porojo, apite uzi wa jirani. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, na nimeyahesabu.

Ni miaka ya hamsini. Mimi kijana wa Ngokolo, Shinyanga, nimeshauza ngozi nyumbani na karanga Masumbwe, nikaishia kwenye mgodi mmoja wa dhahabu Geita. Kazi yangu ilikuwa kubeba betri za chumba cha redio.

Fundi redio alikuwa Mzungu. Tulimwita Bwana Masikio, kwa vile visikilizio havikumtoka kichwani. Mchana aliongea na Mwanza mambo ya vipuri. Saa kumi jioni alimtafuta mdogo wake.

Huyo mdogo mtu alikuwa Ncha ya Kusini ya dunia, kambi ya watafiti. Watu kumi na mmoja na barafu. Basi.

Akaugua tumbo, vibaya. Ndege ya kumtoa ipo, ila rubani haoni pa kutua. Kila jioni kambi inasoma utabiri: upepo mkali, mawingu yametanda. Kesho yake: upepo mkali, mawingu yametanda.

Siku tisa. Nilirudia kuhesabu nikitumaini nimekosea. Tisa.

Bwana Masikio akaacha kula.

Hapo mnielewe, wakuu. Mtu wa Shinyanga akisikia mawingu yametanda anatoa jembe. Kwetu hakuna aliyewahi kuyaona mawingu kuwa balaa.

Nikaenda kwa Mayu Holo, mama aliyeuza togwa getini. Kwao walikuwa waganga wa mvua.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Leo unataka nikupunguzie nini?"

"Mawingu."

Nikamweleza. Akataka mbuzi mzima.

"Mayu, kuita mvua ndiyo kazi. Kufukuza ni kupunga mkono tu. Nusu mbuzi."

"Nusu ipi? Ya mbele inayokula, au ya nyuma inayochafua?"

Wateja wakacheka mpaka togwa ikawapalia. Nikakubali mzima.

"Na tukiyatoa huko, tuyapeleke wapi?" akauliza.

"Yalete Ngokolo. Hayatakosa mwenyeji."

Akaniambia nimletee udongo wa huko, hata wa kuelezwa tu: mweusi, mwekundu au wa kichanga. Nikamuuliza Bwana Masikio. Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya mwezi.

"Pale hakuna udongo," akasema. "Chimba shimo kama letu lililo refu kuliko yote, bado uko ndani ya barafu."

Wakuu, lile shimo nalijua. Ukidondosha jiwe unasahau kama ulilidondosha.

Nikarudi na jibu. Mayu Holo akaweka kata chini.

"Sasa hao watu wamesimama juu ya nini?"

"Maji yaliyoganda."

"Na wakifa wanazikwa wapi?"

Akafunika mtungi wa togwa. "Baki na mbuzi wako. Mvua ninayoijua inatafuta udongo. Hayo si mawingu yangu."

Maisha yangu yote ya biashara, sijaona mtu mwingine anarudisha bei tuliyokwisha kubaliana.

Ila saa kumi alikuja chumba cha redio, hajaitwa. Bwana Masikio akamvisha visikilizio. Mimi na yeye tukasogeza masikio.

Kwanza tulisikia upepo. Si kama wa kwetu wenye majani na milango. Ulikuwa upepo mtupu, haugusi kitu. Nywele zilinisimama.

Kisha sauti ya mgonjwa, nyembamba. Kaka mtu akatafsiri: "Anauliza huku hali ya hewa ikoje."

"Mwambie jua," akasema Mayu. "Jua mpaka mbuzi wanasukumana kivulini. Mwambie asilale, aje aliote."

Jibu likapelekwa. Halafu mtu akacheka, kule mwisho wa dunia, tukamsikia Geita.

Bwana Masikio akageukia ukuta.

Siku ya kumi, mawingu yaleyale. Ya kumi na moja yakapasuka kwa muda mfupi tu, rubani akapenya. Mgonjwa alitolewa hai. Jioni ile Bwana Masikio alikula sahani mbili za ugali, tena jikoni kwetu.

Nilichojifunza: nilidhani najua bei ya kila kitu kuanzia Shinyanga mpaka Mwanza. Kumbe kuna nchi kubwa isiyo na hata udongo wa kumfunika mtu, na mtu wa huko naye anataka kuambiwa kuna jua mahali.

Wenye wazee waliofanya kazi migodini enzi zile, waulizeni wangali hai, mtuwekee hapa. Na anayejua upepo ule unatoka wapi, anieleze. Mpaka leo sijui.