Mende wa Nyanya

Hii aibu sijawahi kumwambia hata mama yangu, kwa hivyo mkicheka, chekeni polepole. Shule zilikuwa zimefungwa juzi tu, Fahad, kijana wa bosi wangu hapo Riyadh ninapofanya kazi za nyumbani, akaruka kutoka juu ya friji (msiniulize alifikaje huko) akavunjika mkono. Akafungwa plasta hadi kwenye kiwiko, lakini safari ya kwenda Jeddah kwa nyanya yake ikabaki palepale, na mimi nikafurahi kuliko yeye, kwa sababu dada yangu Kalekye anafanya kazi Aziziya, mtaa wa huko huko Jeddah, hatukuwa tumeonana tangu aondoke nyumbani, na madam, mama yake Fahad, alikuwa ameniahidi Ijumaa nzima niwe na dada yangu.

Basi Alhamisi tuko kwa nyanya, mimi jikoni namalizia kitambaa cha kroshea cha kumpelekea Kalekye (Wakenya na vitambaa, mnatujua), Fahad akaja analia kwamba plasta inamwasha. Nikamwonea huruma. Nikaingiza sindano yangu ya kroshea mle ndani nimkune kidogo, akatulia vizuri kabisa, hadi ile ndoano iliponasa kwenye pamba ikagoma kutoka. Kabla sijajua la kufanya, nyanya akamwita aje asalimie wageni, mtoto akachomoka mbio, sindano kwenye plasta, uzi nyuma, kitambaa changu kikifumuka kikimfuata hadi sebuleni.

Ningefanya nini? Nikamfuata kwa magoti nikikusanya uzi, katikati ya mashangazi na kahawa yao, hadi nikafika miguuni pa nyanya.

"Mumbua, unatafuta nini hapo?"

"Mende, mama."

Jamani. Wanawake wazima walipanda juu ya makochi, kahawa ikamwagika kwenye zulia, na katika vurugu hizo nikamkamata Fahad nikavuta sindano, ikatoka na pamba yake, hakuna aliyeona. Nikajiona mjanja kweli.

Lakini nyanya akasema hakuna mtu atatoka kwenye nyumba hiyo hadi mende apatikane. Ijumaa Kalekye alishinda amevaa abaya mpya, akinipigia simu, nami niko chini ya makochi na tochi, roho inaniuma, natafuta mdudu ambaye najua hayuko, huku Fahad amekaa juu ya kiti akinionyesha kwa mkono wake mzima mahali ambapo sijaangalia. Jumamosi tukarudi Riyadh. Siku hizi mtoto akiwashwa, namtuma kwa mama yake.