Mama Hakumtafuta Muuaji

Jumamosi alasiri, nikishamaliza kufua, nashusha mapazia ya sebule yangu hapa Makole na kuwasha tamthilia za wapelelezi. Nashusha kwa aibu. Mtu mzima, mwenye heshima zake ofisini, nakodolea macho wanawake wanaokimbiza wauaji kwa viatu virefu, nywele hazitimki, katika mji usio na chembe ya vumbi. Hata maiti wamepakwa wanja. Najua ni upuuzi, na nikikosa sehemu moja tu nanuna siku nzima.

Mama alipohamia kwangu kutoka Kondoa, nilidhani atanisema. Wapi! Alitandika mkeka, akakaa. Maneno mengi ya wale wanaozitafsiri kwa Kiswahili yalimpita, maana yeye ni wa Kirangi, lugha ya kwao, zaidi, lakini hayakumzuia. Mimi nilikuwa namtafuta aliyeua; yeye alimtafuta atakayekufa. Na alimpata. Mtu kanywa chai yake, anaondoka, hana ugomvi na yeyote, mama anasema, "Huyu anaaga." Hata matangazo hayajafika, kalala sakafuni.

"Umejuaje, mama?"

"Amerudi mlangoni na hajasahau kitu."

Huko Kondoa alikuwa akiosha maiti za wanawake. Na sisi, kila penye msiba, husimulia siku ya mwisho ya marehemu: alimpigia nani simu, alimpa nani shati lake, kumbe alikuwa anaaga. Wengine tunayasema tukishazika. Mama aliyasikia mengi hadi akaanza kuyaona mapema. Mimi nikaona raha tupu, nikaacha kumtazama mpelelezi, nikawa namtazama mama.

Kisha siku moja akapita mdogo wangu, dalali wa mahindi Kibaigwa. Alimpa mama shikamoo, akala, akanitania juu ya mapazia. "Dada, humu ndani unaficha bangi?" Tukacheka, akaondoka. Alipofika getini akageuka. Akarudi mpaka mlangoni, akasimama akitutazama.

"Umesahau nini?" nikamuuliza.

"Sijasahau kitu, dada."

Akaushika mlango kidogo, akaenda zake.

Nilimgeukia mama. Alikuwa amekaza midomo, runinga ikiongea peke yake.

"Usiseme, mama."

"Sijasema."

Niliogopa, tena sana. Ndugu ninaye huyo mmoja. Nikampigia, hapatikani. Nikajiambia ni mtandao, huku nikiyawaza malori ya barabara ya Kibaigwa. Nje upepo ulikuwa unapiga mabati, ndani mama anavuta tasbihi bila kunitazama. Kwenye kioo cha runinga wapelelezi walikuwa wamesimama juu ya maiti, wanatabasamu, na kwa mara ya kwanza nilichukia kuwaona. Nikazima.

Magharibi ilikaribia ndipo simu ikaita. Ni yeye, ameshafika, nyuma yake kelele za soko. Nilimfokea mpaka akauliza kama nina homa. Nilipokata nikacheka, kicheko kikubwa kuliko nilivyokusudia.

"Umeona, mama? Kafika salama. Hakuwa anaaga chochote."

Mama hakucheka. Alinitazama kwa huruma, jinsi alivyozoea kuwatazama wale aliowatabiria kifo kwenye runinga.

"Alikuwa anaaga," akasema taratibu. "Lakini mwanangu, anayeaga si lazima awe ndiye anayeondoka."

Sebuleni tulikuwa wawili tu.