Saa Iliyozoea Mvua

Nyumba ya kampuni ilikuwa na vyumba viwili, jiko la nje, na sharti moja: lazima mmoja wa wanaoishi ndani awe mwajiriwa. Baba alipostaafu kuchuma chai, mtu huyo nikawa mimi. Kwao magharibi shamba lilikuwa limeshagawanywa na ndugu zake, na hakuna aliyemwekea hata kipande cha kujengea kibanda. Basi nikawa karani wa kompyuta katika kiwanda cha chai nje ya mji wa Kericho, naingiza kilo za majani mabichi kutwa nzima. Kila nilipofikiria kuacha kazi, nilimwona baba ameketi kando ya barabara na godoro lake. Nilimpenda, na nilikuwa nimechoka kumpenda kwa masharti ya kampuni.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mhandisi mmoja aliyekuwa akihama aliniachia disketi ya programu ya kuchora, ya wale wanaotengeneza vitu vya mbao kwa kujifurahisha. Unaiambia idadi ya meno na upana wa gurudumu, nayo inakuchorea gia nzima. Unaweka ya pili kando yake, unabonyeza, zinazungukana kwenye skrini laini kabisa. Nikawa nakula chakula cha mchana kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye kibodi. Mkubwa wangu alifumba macho, mradi ripoti zake zitoke mapema.

Nilichapisha gia kwenye zile karatasi ndefu za ofisi zenye matundu pembeni. Nilizibandika kwa uji wa unga wa ngano juu ya mbao za saiprasi, kwa sababu plaiwudi nzuri ilikuwa juu ya uwezo wangu, kisha nikakata jino baada ya jino kwa msumeno mwembamba. Baba alikaa karibu na moto akinicheka.

"Mama, hayo meno yote ni ya kutafuna nini?"

Aliniita mama, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nikamwambia ni ya kututafunia mlango tutoke. Akadhani natania.

Sikuwa natania. Mama mmoja mwenye karakana ya samani Nakuru alikuja kiwandani kununua makreti yaliyotupwa, na nilipokuwa namwandikia risiti akaiona gia mezani kwangu. Akaigeuza, akapitisha kidole menoni. "Watalii wanapenda vitu kama hii," akasema. "Niletee saa mzima. Ikitembea kwangu wiki moja bila kuguswa, utakuja ufanye kazi na mimi. Kuna nyumba nyuma ya karakana, mtakaa na mzee wako." Nyumba.

Saa yenyewe haikuwa na maajabu. Jiwe linavuta kamba, kamba inazungusha gia, na kipande cha mbao chenye umbo la nanga kinashika jino moja moja ili jiwe lisiporomoke. Asubuhi ilitembea kama mtu mwenye adabu. Alasiri mvua ya Kericho ikianza kupiga mabati, ikakwama. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Mbao zilikuwa zinavuta unyevu na kunenepa, meno yanabanana. Ile programu haikujua mvua. Kwake mbao ilikuwa mstari tu. Nilirudi kwenye skrini nikaongeza nafasi kati ya meno, nikapaka vanishi, nikalaani, nikakata upya. Ikakwama tena.

Mwishowe nikaona nimepata dawa. Niliacha kukata mbao asubuhi. Nilikata mvua ikinyesha, mbao zikiwa zimeshiba, na nikazipima papo hapo mpaka zikaenea vizuri. Saa ikatembea asubuhi, ikatembea ndani ya mvua ya mawe, ikatembea wiki nzima. Nilicheza pale jikoni peke yangu kama mwendawazimu.

Nikaipeleka Nakuru, nikaiacha ukutani kwa yule mama. Jumamosi iliyofuata nilirudi nikiwa nimevaa nguo ya kanisani. Vumbi lilikuwa jingi, jua kali, midomo inapasuka. Saa yangu ilikuwa imelazwa juu ya benchi.

"Ilitembea vizuri sana," akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Halafu juzi tukasikia trrr! Jiwe chini, mishale inazunguka kama feni."

Niliishika na kuelewa mara moja. Hewa kavu ilikuwa imezinyonya mbao zangu, zikasinyaa, nanga haifikii meno tena. Nilikuwa nimetengeneza saa ya kuishi Kericho peke yake.

"Kaa hapa mwezi moja," akasema. "Tengeneza ingine na hewa ya hapa. Ikikubali, kazi ni yako."

Mwezi mmoja. Kompyuta ilikuwa Kericho, hewa ilikuwa Nakuru. Na karani anayekosekana mwezi mzima hana kazi, na asiye na kazi anarudisha ufunguo. Nilimshukuru, nikaifunga saa kwenye leso, nikaondoka.

Baba aliitundika sebuleni mwenyewe, nami sikuwa na nguvu ya kumkataza. Kwa siku chache ilikaa kimya. Kisha mvua zikaendelea kama kawaida yake, mbao zikanenepa, na alasiri ya Jumapili, tukiwa tumetoka kanisani, baba akaisukuma kidogo kwa kidole. Ikaanza kutembea.

"Umeona, mama?" Alijipiga paja kwa furaha. "Saa yenyewe imekataa Nakuru! Imezoea hapa."

Ilitembea bila kosa hata moja. Sijawahi kuchukia kitu kinachofanya kazi vizuri namna ile; nilitamani kuichukulia shoka. Baba alikuwa bado anaicheka, meno yake machache yote nje. Jiwe lilikuwa limekaribia sakafu. Nikainuka, nikavuta kamba, nikalipandisha.